Kimya Kilichoitwa Ndiyo

Ndani ya tuktuk ya Mambrui, Zuleikha, aliyekuwa aozwe Ijumaa, aliketi kati ya kijana mtembeza watalii na bibi mmoja, wawili wasiojuana. Kijana alinena kana kwamba lugha zote kaziumba yeye: "Bibi, 'si' kwetu ni kukataa, kwa Mtaliano ni kukubali, na Mwingereza husikia bahari!"

"Mie hata hilo sikulisema, mwanangu. Shekhe aliponiuliza kama nimeridhia kuolewa, kimya changu wakakifanya ndiyo, wakapiga vigelegele."

Kijana akamgeukia. "Lahaula! Kumbe ulikuwa hutaki?"

"Mume wangu kaishi nami mpaka akafa. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Tuktuk ikasimama. Bibi akashuka. Zuleikha naye alikuwa amefika kwao, wala hakushuka.