Mikono ya Ronny Wekesa Khaemba

Ronny Wekesa Khaemba, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 karibu na Kimilili, mahindi yakiwa yamekomaa shambani. Ndiyo maana akaitwa Wekesa, jina la mtoto wa mavuno. Alikuwa wa tatu kwa Mzee Khaemba, fundi wa mabehewa ya reli, na Mama Nafula. Mwaka 1961 baba yake alihamishiwa Mombasa, na familia ikateremka kwa treni, kuku wawili kapuni, hadi nyumba za wafanyakazi wa reli karibu na stesheni.

Shule aliianza upya hapa kisiwani, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha bara na kilichekwa. Akitumwa mahamri na mbaazi asubuhi, watoto wa mtaa walimzunguka. “Msemesheni huyu wa bara, tumsikize!” Basi akaacha kusema. Alisimama mbele ya Mama Fairuz, muuzaji, akakanda unga usiokuwapo, akaukata, akautia katika mafuta, kisha akavimbisha mashavu polepole mpaka hamri likafura. Mama Fairuz alijishika mbavu. “Wallahi, lako lafura kuliko langu! Haya, chukua na la bure.” Kiswahili alikuja kukimudu sawasawa, na kidato cha nne alikimaliza mwaka 1971 kwa alama nzuri, lakini mikono yake ilikuwa imeshautangulia ulimi.

Mwaka 1974 aliajiriwa bandarini, kwenye gati la Mbaraki, akawa mpiga ishara wa kreni. Ndiye aliyesimama kwenye sitaha ya meli, penye kelele ambazo sauti ya mtu haipenyi, akamwonyesha dereva aliye juu kwa mikono: pandisha, teremsha, ngoja. Aliwaambia wanawe kwamba mkono usiojua unachotaka huumiza watu. Alistaafu mwaka 2008, na wenzake wa gatini, ambao baadhi yao wako nasi leo, wanashuhudia kwamba hakuna aliyejeruhiwa kwa ishara yake.

Mwaka 1976 kikundi cha wageni kilikuja kuonyesha maigizo ya kimya katika ukumbi mmoja wa mjini. Walipanda ngazi zisizokuwapo na kuvuta kamba zisizokuwapo, pasi na neno hata moja. Ronny alitoka pale akipapasa hewa njia nzima. Kwenye kona ya Ndia Kuu alimkuta kijana mwingine amesimama peke yake, viganja mbele, naye ana ukuta wake.

“Wako umepinda,” Ronny akamwambia.

“Wangu ni wa Mji wa Kale,” yule kijana akajibu. “Kwetu hakuna ulionyooka.”

Huyo alikuwa Faiz Jamaldin, mwana wa mchonga milango. Tangu jioni ile walikuwa kama pacha, huyu wa kanisani na huyu wa msikitini, na kwa muda wa miaka ishirini haikuwa rahisi kumtaja mmoja bila mwenziwe.

Onyesho lao la kwanza lilikuwa Desemba 1977, katika uwanja wa Ngomeni. Walikuwa wamesoma kwamba waigizaji wa Ufaransa hupaka uso mweupe, nao wakajipaka unga wa ngano. Hawakulikumbuka joto la Mombasa. Kabla mchezo haujafika nusu jasho lilikuwa limeukanda ule unga, na vinyunya vikawa vinawadondoka videvuni. “Fundi, maji yamezidi!” mmoja akapaza sauti. Mwingine akadakia, “Leteni kikaango, chapati hizo!” Walimaliza mchezo hivyo hivyo, wanadondoka.

Kesho yake mamake Faiz, Bi Sheikha, aliwaketisha uani akawasagia liwa, ule msandali ambao wanawake wa pwani hujipaka usoni. “Mwanamume na liwa! Makubwa haya,” akasema huku akiwapaka. “Haya, fumbeni macho, mabibi harusi wangu.” Liwa haikudondoka, na harufu yake ilifika hata kwa waliosimama nyuma. Hawakupaka kitu kingine tena.

Ronny hakukubali kuambiwa kwamba sanaa hii ni ya kuazima. Alijua habari za Wayunani na Warumi wa kale, za Waitaliano na barakoa zao viwanjani, na za Wafaransa, ambao weupe wao ulikusudiwa kumwezesha aliyeketi mbali aone nyusi zinavyopanda. Lakini aliwaambia vijana wa kanisa aliokuwa akiwafundisha kwamba babu yake kule Kimilili, aliposimulia alivyomkwepa chui, alianza kwa mikono, na maneno yakafuata nyuma yakihema. Kila watu wanapokaa pamoja, alisema, kuna mmoja anayesimama na kuonyesha.

Mkewe, Wanza, alimpata kwa sanaa hiyo hiyo. Wanza alikuwa karani mgeni mjini, na alipomwona uwanjani aliamini kwamba ni bubu kweli. Wiki iliyofuata alimwona kituo cha basi, akamsogelea, akamsemesha taratibu, mdomo wazi, ili asome midomo: “Mche-zo-u-li-ku-wa-mzu-ri.” Ronny akamjibu, “Ahsante, dada. Wenda Tudor?” Wanza hakumsamehe upesi. Walifunga ndoa kanisani tarehe 13 Desemba 1980, na Mungu akawajalia Beryl mwaka 1982 na Khaemba mwaka 1986. Nyumba yao ya Mbaraki haikuwa ya kimya. Ronny alipenda kuimba akikaanga samaki, na hakuwa na sauti.

Mchezo uliowapa jina yeye na Faiz uliitwa Wachukuzi. Watu wawili wanapandisha sanduku zito katika ngazi nyembamba za nyumba ya Mji wa Kale. Sanduku halipo, ngazi hazipo, lakini waliokaa mbele walikuwa wakivuta miguu isije ikaangukiwa. Jioni moja ya Agosti 1997, Ngomeni, paka alikatiza katikati ya mchezo, akasimama chini ya sanduku, akaangalia juu, akatimka. Faiz akasema kwa sauti, “Hata paka ajua ni zito!”

Uwanja ukaangua kicheko ambacho hawakuwahi kukipata. Ronny aliuteremsha upande wake taratibu, akangoja mpaka Faiz ameondoa vidole, ndipo akaondoka jukwaani asirudi.

“Kwani pana nini?” Faiz alimfuata nyuma ya pazia. “Neno moja tu! Umewasikia walivyocheka?”

“Umelivunja sanduku, Faiz.”

“Sanduku gani? Mbona hapana sanduku!”

“Basi ndiyo hiyo,” Ronny akasema, akachukua kitambaa akajipangusa liwa.

Tangu hapo hawakusemezana. Faiz akaenda redioni, akawa mchekeshaji anayependwa. Ronny akabaki na gati lake na vijana wake wa kanisani. Mji nao haukosi maneno. “Mabubu wamenuniana,” watu walisema barazani, “na sasa nani atajua?” Wakikutana Ndia Kuu, mmoja alivuka upande wa pili. Wengi waliomba kushika upande wa Faiz katika Wachukuzi, na Ronny aliwakatalia wote kwa upole. Ni Bi Sheikha peke yake aliyeupuuza ugomvi huo. Kila Idi alituma kifurushi cha liwa Mbaraki, na alipoulizwa alijibu, “Ugomvi ni wao. Liwa ni yangu.” Alipofariki mwaka 2009, Ronny alikwenda mazikoni, akasimama pamoja na wanaume, akampa Faiz mkono wa tanzia. Mikono iliposhikana ilikawia kuachana. Lakini hapana aliyefungua mdomo, na kila mmoja akarudi kwake.

Mwaka 2018 mkono wa kulia wa Ronny ulianza kutetemeka, na madaktari wakaeleza kwamba ni ugonjwa wa Parkinson. Aliyapokea hayo bila kulalamika, ila kwa jambo moja. Alitaka apatane na Faiz, na alitaka kumwendea akiwa na mikono ile ile aliyoijua Faiz. Kadiri miaka ilivyopita, ndivyo mikono hiyo ilivyozidi kumponyoka. “Nikimwendea hivi atanihurumia,” alimwambia Wanza. “Sitaki huruma ya Faiz. Nataka Faiz.”

Mwezi Februari 2022 Wanza alijifunga leso akaenda mwenyewe kwa Faiz, Ndia Kuu, bila kusema aendako. Faiz alimkaribisha kiti.

“Shemeji, mwenzio augua.”

“Nimesikia. Amekutuma?”

“Hakunituma.”

“Basi asemaje?”

“Faiz, wamjua. Hasemi.”

Faiz akasema kwamba alikosa, na kwamba miaka yote hiyo alikuwa akijua amekosa, ila kila alipofika karibu na Mbaraki alikumbuka kwamba maneno ndiyo yaliyoharibu, naye hana kingine cha kuingilia nacho. “Nikisema hodi, atasikia ile sauti ya siku ile,” alisema. Wanza alimwambia awahi kwa vyovyote vile, na akarudi nyumbani bila kujua kama amefaulu.

Ijumaa ya wiki ile, baada ya sala, Faiz alikuja. Kwa ajili ya joto mlango wa Mbaraki ulikuwa wazi na pazia limefungwa fundo. Ronny alikuwa kitini, anautazama mlango. Faiz alisimama kizingitini na kanzu yake, hakusema hodi, jambo ambalo hapa kwetu halifanywi hata na mwendawazimu. Aliinua kidole akagonga hewa mara tatu.

“Ingia basi, mlango uko wazi!” Wanza akaita kutoka jikoni.

Faiz akatikisa kichwa. Akajaribu kusukuma kwa bega, umefungwa. Akarudi nyuma hatua, akangoja juani.

Ronny akapeleka mkono mfukoni. Ulitetemeka sana, na ufunguo, usioonekana na mtu yeyote, ulimponyoka mara kadhaa. Kila mara aliinama akauokota. Wanza alitaka kwenda kumsaidia, Beryl, aliyekuwa naye jikoni, akamzuia. Ronny akajisukuma kutoka kitini, akafika mlangoni, akautafuta mwanya wa kitasa, akaukosa, akautafuta tena. Faiz alikuwa anatokwa na jasho kwenye nyusi lakini hakusogea hata kidogo. Hatimaye kitasa kikazunguka, na Ronny akauvuta mlango kwa mikono miwili.

“Umekawia, ndugu yangu,” Faiz akasema.

“Kitasa kina kutu,” Ronny akamjibu.

Ndipo wakakumbatiana, wazee wawili wanaolia na kucheka, mpaka jirani akaja kuuliza kama pana msiba.

Tangu siku hiyo Faiz alikuja kila Ijumaa. Ronny alimmiminia kahawa isiyokuwapo kwa mkono unaotikisika, na Faiz aliruka akijipangusa: “Kanzu mpya hii, we mtu wa bara!” Miaka hiyo ya mwisho, kwa ushuhuda wa Wanza, ndiyo iliyokuwa ya furaha kuliko mingi iliyotangulia. Mwezi Oktoba mwaka huu Ronny alipata homa ya mapafu, akalazwa katika hospitali moja ya hapa kisiwani, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Aliaga dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Jamaa wa Kimilili waliokuja kumchukua wamekubali, kwa moyo mkubwa tunaoushukuru, azikwe hapa Mombasa kama alivyotaka.

Ameacha mjane, Wanza; bintiye Beryl na mwanawe Khaemba; wajukuu watatu; dada yake, Nasimiyu, aliyesafiri usiku na mchana ili awe nasi; vijana wote aliowafundisha; na Faiz Jamaldin.

Marehemu aliacha ombi moja kuhusu siku ya leo. Alimwambia Wanza, “Kaburini aseme Faiz. Aseme kwa sauti, aseme atakavyo, na hata akiwachekesha watu msimkatize.” Kwa hiyo baada ya wasifu huu Faiz atakuja mbele. Mkiona hajaanza mara moja, mngojeni.

Mungu aipokee mikono hii iliyochoka, na Ronny wetu apumzike kwa amani.