Matanga ya Yaya Masika

Zimeni hiyo televisheni, wanangu, mje karibu, maana sauti hii iliyokuwa ikijaza ukumbi mzima bila spika sasa haifiki hata kwenye friji. Joël, kaa hapo kwenye kiti. Agnès, mama, wewe kaa hapa kitandani, miguuni pangu, na usimtazame kaka yako kana kwamba unamwomba ruhusa, kwa kuwa flati hii ya Bertrams bado ni yangu mimi Kakule mpaka nitolewe ndani yake nimelala. Msilie. Nimewachekesha Wakongo wa Johannesburg tangu nilipoingia mji huu na koti moja na viatu vya mtu mwingine. Itakuwa aibu wa damu yangu ndio wanilipe kwa machozi.

Nianze na mepesi. Viti vya plastiki vya kukodisha, spika na turubai ni vyako, Joël, kwa sababu una gari na una hasira, na kazi ya viti inataka vyote viwili: watu wa harusi huondoka navyo. Ngazi ya Bakiri, jirani yetu Mrundi, irudisheni, mkamwambie kwamba miaka yote niliyomtangazia kuwa ngazi yake mbovu, ngazi ilikuwa nzima, mnene nilikuwa mimi. Yeye ni Mwislamu, atanisomea dua, na kule ninakokwenda sikatai msaada wa mtu yeyote.

Sasa zito. Jumapili jumuiya ilipokuja kunisalia rozari, mlidhani nimelala. Mgonjwa hufumba macho apumzike na wageni, lakini masikio hayana kope. Nilikusikia mlangoni, Joël: "Agnès, subiri nje mpaka tumalize kusali." Dada yako akakuuliza, kama mdogo amwulizavyo mkubwa wake, "Nje wapi, yaya? Koridoni, na wanaosubiri lifti?" Ukasema, "Popote. Na siku Papa akituacha, kwenye matanga usije. Mikono inayowapa wanawake dawa ya kutoa mimba haitapakua chakula cha matanga ya baba yangu." Baba yako! Kumbe Agnès nilimwokota pale kwenye robot, taa zilipokuwa nyekundu? Naye akakujibu, "Sawa, Monsinyori," akatoka kwenda kukaa koridoni, na ile sombe ya majani ya muhogo aliyoitwanga mwenyewe ikapoa mezani, hukuigusa.

Mwanangu, sikudharau. Najua mkeo Vestine mimba zimemtoka moja baada ya nyingine, najua kitanda cha mtoto ulichokinunua kule Kensington bado kimefunikwa shuka nyuma ya mlango, na ukisikia kwamba dada yako ndiye nesi aliyekubali, katika kliniki ya serikali, kazi ambayo wenzake wameikataa kwa ajili ya dhamiri, unamwona kama mtu amwagaye maji mbele ya mwenye kiu. Ndiyo maana tangu mwaka huu wa 2018 uanze unasimama nje ya kanisa baada ya Misa, unakusanya saini ili sheria ya nchi hii ikazwe. Ulinipa kalamu, nikasema mkono unatetemeka. Mkono ulikuwa mzima. Aliyenizuia alikuwa amesimama nyuma yako.

Mlikuwa na shangazi. Hamkuwahi kumsikia kwa kuwa babu yenu alikataza jina lake lisitajwe, nasi tukatii mpaka ukimya ukawa kama ukuta mmojawapo wa nyumba. Yaya Masika, dada yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa mama yetu kule Butembo, mshonaji, mwanamke wa mwendo wa kuyumba kidogo kama aliyebeba ndoo isiyoonekana, akicheka anafunika mdomo kwa kiganja. Moyo wake ulikuwa mbovu. Kila uzazi ulimfikisha mlangoni pa kaburi ukamrudisha, na daktari alimwambia mumewe wazi kwamba mwingine hautamrudisha. Mume akasikia kama mtu asikiavyo habari za mvua ya kijiji cha jirani. Alipobeba tena, sheria ilisema hapana, kanisa likasema hapana, na sisi tukasema tutamwombea. Akanywa mizizi. Walipomfikisha hospitali akivuja damu, nesi wa zamu, mama wa parokia yetu, alisimama mbele yake akamwuliza: "Ulikunywa nini? Nani alikupa? Taja jina kwanza, mimi siendi jela kwa ajili yako." Yaya hakutaja, kwa sababu kikongwe aliyempa alikuwa na wajukuu wa kulea. Akafumba mdomo. Alikufa ameufumba, pale pale kwenye benchi, kitenge alichojifunga kikidondosha damu.

Mimi nilikuwa njiani na kikundi cha maigizo, nikivunja watu mbavu mji hadi mji. Niliporudi sikukuta moto uani, wala mkeka, wala mtu wa kulia. Hakusomewa Misa. Hakukaliwa matanga. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali akaingia. Na mfiwa akijifungia ndani, ataingia nani?

Mnaijua kazi yangu kwenye matanga ya watu. Siku ya mwisho, wakishachoka kulia, huniita nimwige marehemu, alivyotembea, alivyobishana na makonda, alivyokoroma padri akihubiri, mpaka mjane anacheka bila kutaka, na hapo ndipo sisi husema: sasa amekwenda. Kutoka Joubert Park mpaka hapa nimewaiga wengi, na hakuna aliyenirudia. Anayerudi ni mmoja, ambaye sikumwiga. Huja mchana, jua likifika kwenye ukuta ule, anakaa hapo hapo ulipokaa wewe, Agnès, kitenge kimelowa, ananitazama kama mtazamaji aliyewahi ukumbini na pazia bado halijafunguliwa. Hanung'uniki. Mwendo wake ninao, kiganja chake ninacho, lakini sauti yake nimeitafuta kila pembe ya kifua hiki kibovu, sina. Nimebeba sauti za wafu wa watu, ya dada yangu sina.

Sikuambii, Joël, kwamba mimba si kitu. Mimi si padri, sijui roho huingia lini, na huenda karibuni nikaambiwa. Baki na imani yako. Nenda kwa wabunge, useme. Lakini nesi yule naye alikuwa na imani. Hapa sheria imefungua mlango, na bado mabinti zetu wanaupita, wanakwenda kwa wale watoa mimba wa vichochoroni wanaobandika namba za simu kwenye nguzo za taa, kwa kuogopa kuonwa kliniki na mtu wa jumuiya. Macho yetu ndiyo askari. Anachofanya Agnès kiite dhambi ukitaka. Ila yeye hamshiki mtu kwa maswali huku damu inatoka. Angekuwa zamu siku ile... Haya. Tuache.

Na wewe, mama, ulimi wako ni wangu, unakata pande zote. Usimwite kaka yako Monsinyori tena. Nenda kwake, umwombe Vestine akuonyeshe kile kitanda, na usiseme neno.

Amri yangu ni hii. Matanga yangu yasitangulie ya Masika. Joël, Misa yake utaiomba wewe, kwa mdomo wako, na paroko akiuliza alikufaje, mwambie alikufa akiulizwa. Kisha mkae matanga, siku moja yatosha. Chakula atapakua Agnès, na wa kwanza kula mbele ya jumuiya uwe wewe. Ndipo mnizike. Koti langu la jukwaani ni la Agnès. Mimi ataniiga yeye, na anikoromee vizuri, asinitie aibu.

Maji... Inatosha. Mnasikia? Sauti imekuwa nyembamba. Ngojeni... niinueni kidogo. Hii... hii si yangu. Tukigombana uani, yaya alikuwa akitoka jikoni... hakuuliza nani kaanza... alikuwa anaita hivi: "Watoto-o... sinia ni moja-a... mikono ije-e..." Ndiyo. Ndiyo yenyewe. Agnès, ishike kabla haijatoka... "Watoto-o..."

Joël, unacheka? Usijifiche. Cheka, papa, ndivyo inavyotakiwa... Mungu awatunze mkiwa wawili... asiwaone hata siku moja mmoja mmoja... Mimi nimechoka. Endelea wewe, Agnès. Mwite kaka yako.