Mama Kibiriti, Aliyeegesha Kwenye Mteremko

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu yeyote, marehemu alikuwa anatoka nje na kitambaa cha bluu begani. Anafungua boneti ya gari lake dogo, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena na kukiinua kwenye mwanga kama muuguzi anayesoma kipimajoto. Kisha anaangalia maji ya rejeta. Akiridhika, anapiga boneti kofi dogo na kusema, "Haya, umeamka salama." Ndipo anarudi ndani kuamkia watu. Mume wake hakuona wivu. Alisema katika nyumba ile yeye anasalimiwa wa pili, na wa pili si haba.

Jina alilopewa na wazazi wake mmeliona kwenye jalada la kijitabu hiki cha wasifu. Humu ndani ameitwa Mama Kibiriti, kwa sababu hata wanaolia hapa leo, wengi jina lile la jalada wamelijua jana.

Alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa mshonaji, na mama yake alikuwa mpishi wa hospitali. Akiwa na miaka sita alifungua cherehani cha baba yake chote, kipande kwa kipande, akavipanga kwenye mkeka. Baba alirudi akavikuta. Hakumchapa. Alivuta kigoda akakaa, akamwambia, "Hutoki hapo mpaka kiimbe." Siku ya pili kiliimba, lakini skrubu moja ilibaki mkononi mwa mtoto na haikujulikana ilitoka wapi. Skrubu hiyo aliitunza. Ndiyo inayoning'inia kwenye ufunguo wa gari mpaka leo.

Shule alianza Januari 1968 na akamaliza darasa la saba mwaka 1974. Hesabu alizipenda, insha hakuzipenda. Hakuendelea na masomo, kwa sababu macho ya baba yalikuwa yameanza kufifia na alihitajika mtu wa kumtungia uzi kwenye sindano. Hakuwahi kulalamika kwa hilo. Ila mtoto yeyote wa nyumbani akisema shule imemchosha, alikuwa anamtazama tu, na mtoto anachukua daftari lake mwenyewe.

Tarehe 1 Februari 1979 aliajiriwa kwenye kiwanda cha nguo, akaanza na kushona kola. Mwaka 1983 alihamishiwa chumba cha mafundi wa mashine, mwanamke peke yake kati ya wanaume tisa. Alikaa huko hadi kiwanda kilipofungwa, tarehe 30 Juni 1996. Siku ya mwisho wafanyakazi walipewa nafasi kila mmoja achague kifaa cha kuondoka nacho. Wengine walichagua vyerehani, wengine meza, wengine feni. Yeye alichagua gari dogo lililokuwa likibeba nyuzi, lile la mlango wa nyuma, lenye umri wa miaka kumi na miwili na stata iliyokufa.

"Dada, wenzio tunachukua kazi, wewe unachukua ugonjwa," mwenzake wa kushona kola alimwambia.

"Nitauuguza," alijibu.

Na aliuuguza kwa miaka ishirini na minane. Gari lilikuwa dogo na la pembe nne kama kibiriti, ndiyo maana mtaa ukaliita Kibiriti, na mwenyewe akawa Mama Kibiriti miaka mitano kabla hajazaa. Kiti cha nyuma alikilaza, akatandika blanketi, na hapo vilikaa vyerehani vinne vya watu bila kugongana. Mlango wa nyuma haukuweza kujishikilia juu, kwa hiyo aliuegemeza kwa mpini wa fagio. Kifuta kioo kilifanya kazi upande wa dereva tu. Abiria akilalamika haoni mbele wakati wa mvua, aliambiwa, "Wewe unataka kuona nini? Anayeendesha si mimi?" Alizunguka akitengeneza vyerehani vya washonaji wa mji mzima, wenye maduka na wenye kibaraza, na cherehani cha mtu hakikulala mbali na mwenyewe siku mbili.

Lakini stata hakuitengeneza. Fundi magari wa jirani, mnayemfahamu kwa jina la Nati, alimbembeleza mpaka akachoka.

"Mama, ni kazi ya nusu siku. Nusu siku tu."

"Nati, mwanangu, stata ikipona kila shemeji atajua kuliwasha. Niache nilivyo."

"Kweli mzoea punda hapandi farasi."

"Na farasi wako huyo juzi si nimemvuta mimi kwa kamba?"

Basi kila alipokwenda aliegesha kwenye mteremko, pua ya gari ikiangalia chini. Akitaka kuondoka anatia gia ya pili, anakanyaga klachi, anaachia breki ya mkono, gari linateleza lenyewe, anaachia klachi, linashtuka na kuwaka. Mji aliujua kwa miinuko yake. Mteja mpya akieleza duka lake lilipo, hakuuliza jina la mtaa. Aliuliza, "Hapo kwenu pameinama?"

Ndoa yake nayo ilitoka huko huko. Juu ya mteremko mrefu kuliko yote palikuwa na duka la dobi, na Mama Kibiriti alianza kuegesha mbele yake kila jioni. Dobi alisogeza meza yake ya kupigia pasi ampishe. Baadaye akawa anafagia mahali pale. Baadaye akaanza kunyoa ndevu kabla ya jioni. Miezi mitano alijiambia kwamba mama yule anakuja kwa ajili yake, na siku aliyojikaza akamwambia hivyo, alipata jibu la kweli: "Nakuja kwa ajili ya mteremko, kaka. Lakini sasa umesema, nimekusikia." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1998. Watu walimtania dobi kwamba ameolewa na barabara. Yeye alisema, "Alikuwa anakuja, au hakuwa anakuja?"

Binti yao alizaliwa tarehe 17 Agosti 2001. Uchungu ulipoanza, Mama Kibiriti alijiendesha mwenyewe. Uwanja wa hospitali ni tambarare, kwa hiyo aliegesha barabara ya juu, akateremka kwa miguu akisimama kila hatua ishirini, dobi nyuma yake amebeba kapu na kutetemeka kuliko mzazi. Mkunga alipowaona aliuliza mgonjwa ni yupi.

Ugonjwa ulianza tarehe 3 Septemba 2023. Asubuhi hiyo alikuwa ameinamia boneti, akaanguka. Daktari alisema ni moyo, umetanuka, hautoshi tena kusukuma damu inavyotakiwa. Dawa alizikubali. Kupunguza chumvi alikubali. Kisha aliambiwa asiendeshe tena. Nyumbani alikaa kwenye kizingiti akasema, "Moyo wamenieleza, nimeelewa. Sasa gari je?"

Kwenye uwanja wa jirani lipo gari lililoachwa. Magurudumu yameishiwa upepo, kuku wanatagia chini yake, majani yametokea kwenye taa. Marehemu alipita pale miaka mingi bila kuligeuzia uso. Baada ya kuugua alianza kulitazama. Hakuogopa kufa, alisema hivyo waziwazi na hakuwa mtu wa maneno ya kujisifu. Aliogopa Kibiriti kubaki pale nje kimewekwa tu, watu wanakipita wakisema kilikuwa cha marehemu.

Binti yake yuko mbali kikazi. Mume wake alikuwa na miaka sitini na sita na hakuwahi kushika usukani. Siku ya tatu baada ya lile katazo la daktari alizima pasi mchana, akaja akasimama mbele ya mkewe.

"Nifundishe."

"Wewe unayeogopa baiskeli?"

"Naogopa. Nifundishe hivyo hivyo."

Alipata kibali cha kujifunza, na kila Jumapili alasiri mtaa uliwaona, yeye kwenye usukani amekunja mabega, mkewe pembeni na kitambaa mapajani. Hakumfokea hata mara moja. Alikuwa anasema, "Klachi, mume wangu, si kanyagio la cherehani. Iachie kama unavyoishusha pasi juu ya hariri." Hapo alielewa. Kwa pasi na hariri alikuwa bingwa.

Mtihani wa kwanza aliufanya Januari mwaka huu, kwa gari la shule ya udereva, kwenye uwanja ulio sawa. Alifunga mkanda, akatazama vioo, akatia gia ya pili, akakanyaga klachi, akaachia breki ya mkono. Akakaa. Askari aliyekuwa anamtahini alingoja, kisha akauliza, "Mzee, tunasubiri nini?"

"Nasubiri liteleze," alisema.

"Liteleze kwenda wapi?"

Alipofika nyumbani na kusimulia, Mama Kibiriti alicheka mpaka akakaa chini na kujishika kifua, na waliokuwepo waliogopa. Alipopata pumzi alisema, "Kosa si lake. Mwalimu ndiye aliyefeli." Jioni hiyo alimwita Nati amwelekeze dobi kwenye gari jingine namna watu wengine wanavyowasha magari yao. Tarehe 21 Februari dobi alifaulu. Leseni ilipotoka mkewe aliishika muda mrefu, akaifuta kwa kitambaa cha bluu ingawa haikuwa na vumbi.

Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa wodini. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Muuguzi alipotoka kumtafuta mume wake, alimkuta ameketi ndani ya gari mlangoni pa hospitali, injini ikiwa inanguruma tangu saa mbili.

Ameacha mume mmoja, binti mmoja, kaka mmoja, wadogo watatu, na watoto wawili wa wadogo zake aliowalea kama wake. Ameacha pia washonaji wasiohesabika, ambao tumewaona wamefunga maduka leo.

Mume wake ameomba asubuhi ile iandikwe mwisho, na isomwe polepole.

Siku hiyo Mama Kibiriti aliamka hawezi kulala chali, pumzi imembana. Hata hivyo alitoka na kitambaa. Alifungua boneti akapima oili, akapima maji, akapiga kofi dogo. Kisha akamvika mume wake kile kitambaa begani. Hakuwahi kumpa mtu kitambaa kile. Akazunguka akakaa upande wa abiria, na dobi akaachia breki, wakateleza, Kibiriti kikawaka.

Walipofika barabara ya juu, dobi alipunguza mwendo ili aegeshe. Mkewe alitazama ile njia ya kuteremka, akatikisa kichwa. "Leo siiwezi. Nipeleke mpaka mlangoni."

"Mlangoni ni tambarare."

"Najua. Usizime."

Alimfikisha mlangoni. Mlinzi alisogeza kiti cha magurudumu, marehemu akamwambia, "Ahsante baba, miguu ninayo." Akasimama ameshika mlango wa gari mpaka pumzi ikatulia. Akainama dirishani.

"Unausikia mlio wake?"

"Nausikia."

"Ukibadilika, gusa mafuta kidogo. Usizime, nitatoka sasa hivi."

"Sizimi."

Mlinzi alipomwambia, "Mzee, zima gari, watu wanapumua huo moshi," dobi alijibu, "Nimeambiwa nisizime." Mlinzi alimtazama machoni, akaenda akasimama mbali.

Mama Kibiriti alipanda ngazi nne bila kushikwa mkono. Kwenye ngazi ya mwisho alisimama, kichwa amekiinamisha upande, akasikiliza injini. Ilikuwa inanguruma sawasawa. Akaridhika, akaingia ndani, na hakutoka tena.

Mama, pumzika kwa amani. Asubuhi hii, kabla hatujaja huku, oili imepimwa na maji yamepimwa, na Kibiriti kipo juu ya mteremko, pua yake inaangalia chini.