Kung'arisha Ubao wa Mwalimu

Pale Emali, ambapo barabara ya Loitokitok inaiacha ile ya Mombasa, palikuwa na benchi la mbao za kreti lililoegemea ukuta wa karakana ya baiskeli ya Kiema. Njogu alikuwa ameweka jiko lake la kahawa mkabala nalo, na kwa kuwa hakuna shauri lililopita hapo bila yeye kulikatia hukumu, watu walimwita Jaji. Kilonzo, aliyewahi kupakia mizigo katika reli, walimwita Injini, maana akishaanza kusema, kusimama ni kazi. Asubuhi hiyo ya Aprili, mwaka 1976, Kiema aliwasikiliza kwa sikio moja. Magotini pake ulilala ubao mrefu mweupe, uliochongoka kama jani la mkalitusi, wenye pezi moja tumboni, naye alikuwa akiufuta kwa kitambaa kana kwamba unakwenda kubatizwa. Mwenyewe, Mwalimu Robati, mgeni wa ng'ambo aliyejitolea kufundisha hesabu katika shule moja ya milimani, angeuchukua saa sita. Aliuacha Januari, alipokuwa akirudi kutoka Malindi na basi la milimani likakataa kuupakia. Alisema neno moja tu: utunze kama unavyotunza baiskeli yangu. Na sasa shule ilikuwa imenunua baiskeli kumi na mbili, na Mwalimu ndiye aliyeambiwa achague fundi wa kuzitengeneza. Kiema alizitaka zote kumi na mbili.

— Miezi mitatu nasikia habari za hii kitu na bado sijatoa hukumu, alisema Njogu. Ni ya nini hasa?

— Ya bahari, Jaji. Mtu anasimama juu, wimbi linambeba.

— Mtu mzima?

— Mtu mzima.

— Mwenye digrii?

— Na digrii yake.

— Msidanganyane, alidakia Kilonzo. Mimi nimeshusha mizigo Mombasa. Huo ni mlango wa ndege. Ndege ikianguka majini, kila abiria anapewa mlango wake, anaenda nyumbani.

— Abiria sitini, milango sitini?

— Ndiyo maana nauli ni ghali.

Kiema aliugeuza ubao taratibu.

— Cheka tu, Injini. Hii haijaona jua tangu Januari. Nimeilaza chini ya kitanda, nimeifunika blanketi. Ndila wangu amelalamika mpaka amechoka. Anasema mbao inalala na blanketi, mke wa ndoa analala na leso.

— Hapo ana kesi, alisema Njogu.

— Na ilikuja chafu, ndugu zangu. Huku juu kulikuwa na madonge kama ya mshumaa, yananata, yameshika mchanga. Nilikwangua siku mbili. Nikasugua na mafuta ya taa. Nikapaka grisi, nikafuta, nikamalizia na polishi ya viatu, ile haina rangi.

— Nimeona, alisema Kilonzo. Sasa hivi nzi ametua hapo, akafika mwisho bila kupiga hatua.

— Hayo madonge yalikuwa siagi, alihukumu Njogu. Baharini hakuna hoteli. Alikuwa anabeba chakula cha mchana.

— Siagi gani inakaa na mchanga? alibisha Kilonzo. Hiyo ilikuwa gundi ya serikali yao. Mwizi akipanda, ananata. Polisi wanamkuta bado amesimama, wanampeleka korti na ubao wake, hakimu anamwambia keti, hawezi.

Walicheka, hata Kiema. Ndipo akaja mama mmoja mwenye kifurushi cha katani, akauliza kama gari la Makindu limepita. Aliambiwa bado. Kiema alimpisha nafasi benchini.

— Keti, mwaitu, mama yangu. Jaji atakupa kahawa.

Jina lake lilikuwa Mutindi, msukaji wa vyondo, vile vikapu vya kubeba begani. Hakupoteza muda: alifunua paja kidogo, akachota jivu katika kopo, akalipaka, akaanza kusokota katani kwa kiganja. Aliutazama ubao, akauliza kazi yake, na Kiema akamweleza kwa fahari, toka blanketi hadi polishi. Mutindi aliuweka mkono juu yake. Mkono ulikwenda wenyewe mpaka ukingoni.

— Mimi nisipopaka jivu, uzi unateleza tu, hausokotiki, alisema. Sasa huyu mwalimu, akisimama hapa na maji yanapita, miguu yake inashikwa na nini?

Njogu alimimina kahawa katika kikombe kilichokuwa kimejaa. Kiema aliulaza ubao mchangani, akavua viatu vyake vya tairi, akaumwagia kopo la maji, akapanda. Mguu mmoja ulishika njia ya Loitokitok, wa pili ukaenda Mombasa, na Kilonzo akamdaka kwapani.

— Sema ilikuja hivyo hivyo, Njogu alinong'ona. Yeye ni mtu wa hesabu. Atakumbuka uchafu?

Baiskeli kumi na mbili zilimpita Kiema machoni, moja nyuma ya nyingine, zikielekea kwa fundi mwingine. Mara honi ikalia, pikapu ikasimama, na Mwalimu Robati akashuka. Alipouona ubao uking'aa mchangani, uso wake wote ukachanua.

— Mwalimu, usinisifu bado, alisema Kiema. Kuna kitu chako hapa juu nilikikwangua nikidhani ni uchafu. Naona ndicho kilichokuwa kinashika miguu.

Robati alipitisha kidole juu ya ubao, akainua uso.

— Nani amekwambia?

— Mama huyu ameuliza. Halafu nimepanda.

— Umepanda? Hapa Emali?

— Injini ni shahidi. Alinidaka.

Mwalimu alicheka hadi akaketi benchini. Alitoa mfukoni kipande cheupe mfano wa sabuni, akaonyesha jinsi kinavyosuguliwa juu ya ubao kwa viduara vidogo. Kilikuwa nta, alisema, na hupakwa upya kila mtu aingiapo majini.

— Na baiskeli za shule? aliuliza. Nazo utazipanda kabla ya kunirudishia?

— Moja moja, Mwalimu, alisema Kiema, akianza kutafuta kiatu chake cha pili.