Sentensi Aliyokataa Kuitafsiri

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Kipaza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1934, mtoto wa kwanza wa seremala na mkewe. Anayesoma hapa ni mdogo wake. Baraza la wazee wa kanisa lilituletea wasifu ulioandikwa tayari, unaomwita "mtumishi aliyetunzwa na kanisa hadi mwisho". Familia imeurudisha. Huu ndio wetu.

Alisoma katika shule ya misheni ya Kimennonaiti hadi darasa la nane, akabatizwa mwaka 1951. Kiingereza hakukipatia darasani. Alikipatia zahanati, akiosha chupa za dawa pamoja na muuguzi mmisionari aliyekuwa na maneno mengi kuliko wagonjwa wake wote. Wawili hao walipendana kwelikweli, na hilo tunalisema bila kumpamba mtu.

Kuanzia mwaka 1955 alikuwa mkalimani wa huduma ya uinjilisti. Alizunguka na gari la vipaza sauti, akasimama kwenye mahema mvua ikivuja, akarekodi mahubiri ya redio katika chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani ili kuua mwangwi. Wahubiri walikuja, wakapigwa picha, wakaondoka. Sauti mliyoisikia ilikuwa yake. Mwaka 1957 aliolewa na fundi cherehani, aliyemtangulia mwaka 1989. Kwa vile marehemu alitafsiri hata usingizini, Kiingereza kwanza kisha lugha yetu, shemeji alizoea kulalamika, "Nimeoa mke mmoja, nasikiliza wahubiri wawili!"

Jumapili ya tarehe 20 Agosti 1972, kwenye mkutano wa injili, mhubiri mgeni alimwita mbele muuza mboga aliyekuwa amemzika mtoto wiki hiyo. Akamwekea mkono kichwani, akasema kwa Kiingereza kwamba Mungu amemchukua mtoto ili kumwadhibu mama kwa kuchelewa kuokoka. Marehemu hakuitafsiri. Mhubiri akairudia sentensi, akidhani hajasikika.

"Nimekusikia," dada akamjibu kwa Kiingereza. Kisha akageukia kipaza sauti, akasema kwa lugha yetu, "Mama, nenda nyumbani ukapumzike. Mtoto wako hakufa kwa kosa lako."

Akashuka jukwaani, akamshika mkono yule mama, wakatoka pamoja. 

Wazee walimwita kikaoni. "Kazi yako ni kutafsiri, si kuhubiri," mwenyekiti alimfokea.

"Basi mtafuteni wa kulitafsiri hilo," akajibu.

Wakamtenga. Mkate na kikombe cha Meza ya Bwana vikampita. Kwenye ibada ya kuoshana miguu, ambayo misheni ilitufundisha kuwa ndiyo alama ya unyenyekevu, alikaa benchi la nyuma na mtandio wake kichwani, na beseni likifika kwake linakata kona. Alikuja hata hivyo, miaka nenda miaka rudi. Nanyi mliomwona mkaangalia dari, mnajijua. Ila kanda zake za redio ziliendelea kurushwa. Mara nyingi alikuwa jikoni akimenya viazi huku sauti yake mwenyewe ikiwaalika watu katika kanisa lililomfukuza mezani. Alikuwa akiinuka na kuizima.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 1996. Alipolazwa mara ya mwisho, wazee watatu walifika wodini, Biblia kwapani.

"Sema neno moja tu la toba," mmoja akambembeleza, "tukurudishe, uzikwe kwa heshima."

"Nitubu nini?"

"Unakijua mwenyewe."

"Sikijui. Isemeni ile sentensi niliyokataa. Isemeni kwa lugha yetu, hapa hapa, wagonjwa wote wasikie."

Mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amefiwa na mwanawe, aliinua kichwa akawasubiri. Wazee waliaga wakaondoka bila kuisema, na marehemu akaomba uji. Ndiyo siku pekee wiki ile aliyomaliza kikombe.

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Novemba 1998, binti yake akiwa amemshika mkono. Ameacha watoto wanne, wajukuu, mdogo wake anayesoma hapa, na yule muuza mboga, aliyekuja leo akaketi na familia bila kuuliza.

Jeneza litabebwa na wajukuu. Wazee wa baraza wanaombwa kubaki kwenye viti vyao.

Apumzike kwa amani, ile mliyoihubiri mkamnyima.