Nilimfuata Senta Fowadi, Nikabeba Machela

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Asifiwe Bwana aliyenitoa kwenye matete nikiwa hai, na nyinyi mliokuja kumsifu asubuhi hii awabariki!

Padri yuko safarini ng'ambo ya mto, na katekista wetu ameniruhusu nisimame baada ya sala. Ameniambia niseme kwa kifupi, nisihubiri, na mpira nisiutaje sana. Ndugu zangu, hilo la mwisho litanishinda.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Thadei, fundi viatu, yule wa kibanda cha karibu na soko. Mpira wa timu yetu ya Mshale ukipasuka, mimi ndiye ninayeushona. Nimeushona mpaka ngozi yake ya kwanza imebaki kidogo sana, lakini unadunda! Viatu vya njumu vya wachezaji vinalala kwangu. Ligi yetu hii ya bonde ilipoanza, mimi nilikuwa nimeshakata magoli msituni na kuyasimika.

Nataka mjue hali yangu ilivyokuwa. Kila mechi ilipokaribia nilikuwa mgonjwa. Chakula hakipiti. Mteja ananiletea kiatu cha kushoto, mimi natia soli, kumbe ya kulia. Mke wangu, Mama Sesilia, alikuwa akiniambia, "Baba Sesilia, wanaocheza ni wale vijana. Wewe unatetemeka nini?" Nikiota tumeshinda, nilisema ndoto huenda kinyume, basi tutafungwa. Nikiota tumefungwa, nilisema Mungu amenionya. Hakukuwa na ndoto ya kunifurahisha!

Na mechi hii ya Jumamosi ijayo ndiyo iliyonimaliza kabisa. Mnajua wenyewe. Ni sisi na Mamba wa Kivukoni, na atakayeshinda ndiye bingwa wa bonde. Wale wavuvi wametufunga mwaka juzi, wametufunga mwaka jana, na golikipa wao ana mikono kama makasia. Tumaini letu lilikuwa moja tu: Kornel, mtoto wa dada yangu, senta fowadi wetu. Na Kornel hayupo!

Alikuwa amekwenda upande wa Mngeta na mke wake, Agata, kuwasaidia wakwe kwenye mpunga. Alisema atarudi upesi. Hakurudi. Basi mji mzima ukaanza kusema. Kinyozi akasema Mamba wamemwahidi mtumbwi mpya ili asicheze. Mwingine akasema ana homa. Mwingine akaapa kwamba amemwona kule kijiji cha Kisawasawa akipanda lori. Mama Sesilia akasema, "Mtu kaenda kuvuna, mpunga haujaisha. Basi." Niliwaamini wote kwa zamu. Asubuhi nilimwombea kijana mgonjwa, mchana nikamkasirikia msaliti, jioni nikajiambia yuko njiani.

Bwana Sefu mwenye duka, ambaye ni mwenyekiti wetu wa Mshale, akaniita. Akasema, "Thadei, wewe ni mjomba wake. Kamlete. Chukua baiskeli yangu." Mara nikajiona nimetumwa kuikomboa nchi!

Baiskeli nikaipakia kwenye lori la mpunga lililokuwa linapanda tupu, nami nikakaa juu. Barabara mnaijua ilivyo msimu huu. Tulishuka kusukuma mara nyingi kuliko tulivyokaa. Karibu na Mngeta nikateremka, nikaulizia mashamba ya wakwe wa Kornel. Wakaniambia yako chini kwenye mbuga, kuelekea mtoni. "Fuata njia hii, usiiache."

Ndugu zangu, sikuiacha njia. Njia ndiyo iliyoniacha!

Maji ya masika yalikuwa hayajakauka. Njia ikaingia kwenye maji, ikatoka, ikawa njia mbili, kisha ikawa nyayo za viboko. Matete yamenipita kichwa. Ukitazama mbele ni matete, ukigeuka ni matete, na ukitazama juu ni kipande kidogo cha mbingu ambacho hakisemi kaskazini wala kusini. Nilisukuma baiskeli mpaka magurudumu yakajaa tope yakakataa. Nikaiegemeza, nikaenda hatua chache kutafuta njia. Nikageuka kuichukua. Baiskeli haipo! Haikuibiwa. Mimi ndiye niliyekuwa sijui niligeuka wapi.

Nikaita. Sauti yangu ikafa hapo hapo. Kisha nikasikia kitu kinapumua. Si kimoja, ni vingi. Kupumua kwa pua nzito, na majani yanavunjika. Nyati! Walikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia harufu yao, lakini sikumwona hata mmoja. Nikasimama kwenye maji ya magoti, sijui nikikimbia nitakuwa nawakimbia au nawakimbilia.

Hapo nikaomba. Lakini sikilizeni jinsi nilivyoomba, maana nimesimama hapa kusema kweli. Nikasema, "Bwana, nitoe hapa." Kisha nikasema, "Nitoe nikamlete Kornel." Kisha nikasema, "Na Jumamosi iwe mbili bila." Nyati wananipumulia, nami nampa Mungu matokeo! Nikaona haya. Nikataka kuanza upya, maneno yakagoma. Yalinitoka haya tu: "Bwana, sijui niombe nini. Sijui niko wapi. Wewe unajua."

Ile pumzi nzito ikaendelea kidogo, kisha nikasikia kundi linaondoka, maji yanachapika, chapi, chapi, mpaka kimya. Na katika kile kimya nikasikia debe linapigwa! Debe, ndugu zangu! Kwa! Kwa! Kwa! Na sauti ya mwanamke anatukana ndege.

Nikaifuata ile sauti kama ndama. Matete yakinikata uso, sikujali. Mara nikatokea kwenye mpunga ulioiva, wa dhahabu, na kundi zima la ndege likaruka mbele yangu likatua upande ambao ulikuwa haujaguswa. Juu ya kilingo, kile kichanja cha kulindia ndege, alikuwa amesimama mwanamke mtu mzima, ameshika debe na fimbo. Nusura anipige nayo.

"We baba, una macho? Nimewafukuza tangu alfajiri, unanirudishia kwenye mpunga!"

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Nimepotea."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Ifakara. Mimi ni mjomba wake Kornel, mkwe wa hapa."

Yule mama akaliachia debe likaanguka. Akashuka kwenye kilingo, akanishika mikono yote miwili, akaanza kulia. "Mungu mkubwa! Kumbe habari zimewafikia! Twende, baba, twende upesi. Tuliomba mtu wa nne, naye amekuja."

Nikamwuliza mtu wa nne wa nini. Akawa ananivuta tu, huku anasema. Agata alikuwa katika uchungu siku ya pili sasa. Mtoto amekaa vibaya tumboni. Mkunga amefanya yote anayoyajua, amesema apelekwe hospitali, naye hapa hana la kufanya zaidi. Wanaume wengine wako kambi za mbali. Waliopo ni Kornel, shemeji yake, na baba mkwe ambaye ana miaka yake. Watatu. Machela hubebwa na wanne. Walikuwa wamekifunga kitanda cha kamba kwenye miti miwili, wamekaa wanakitazama.

Nami kinywani nilikuwa na maneno tayari: nimekuja kumchukua senta fowadi. Mnaona fumbo hilo? Kwao mimi ni jibu la maombi, na mimi mwenyewe najua nimekuja kwa ajili ya mpira. Sijui hata sasa nani alikuwa sahihi. Nilifunga kinywa changu nikamfuata.

Kornel aliponiona alisema tu, "Mjomba!" akanikumbatia. Hakuniuliza nimefikaje. Agata alikuwa amelala macho amefumba, midomo imekauka, anashika mkono wa mama yake. Mimi nikashika mti wa nyuma upande wa kushoto. Tukainua.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kukaa. Kazi yangu ni sindano na nta. Nilibeba kwenye maji ya mapaja, kwenye tope linalonyonya mguu, na kila tulipoyumba yule binti alilia kwa sauti ambayo ningependa nisiwe nimeisikia. Baba mkwe akichoka, mama wa ndege anashika. Naam, aliacha mpunga wake wote kwa ndege akaja! Katikati ya maji Kornel akakanyaga kisiki. Nilisikia akiguna. Maji yakawa mekundu pembeni ya mguu wake. Shemeji akasema, "Tuweke chini." Kornel akajibu, "Tuweke wapi? Kwenye maji? Songa!" Akabeba hivyo hivyo mpaka barabarani.

Na mimi, Mungu anisaidie, nilikuwa nautazama ule mguu. Ulikuwa wa kulia. Mnajua mguu wa kulia wa Kornel ni nini kwa Mshale. Mbele yangu mwanamke yuko kati ya uhai na kifo, na kichwani kwangu sauti inasema: ni wa kulia, ni wa kulia. Niliifukuza, ikarudi. Kama wale ndege.

Barabarani tukangoja. Likaja lori, limejaa magunia ya mpunga mpaka juu, halina pa kuweka hata kuku. Dereva akasema haiwezekani. Kisha akamtazama Kornel vizuri. "Wewe si yule wa Mshale?"

Kornel akasema, "Ndiyo, kaka."

"Mimi ni mtu wa Kivukoni. Mamba damu."

Moyo wangu ukasema, basi, tumekwisha. Yule dereva akapanda juu, akaanza kuyashusha magunia ya tajiri wake barabarani, moja baada ya jingine, akamwachia baba mkwe ayalinde. Akasema, "Mke nambeba. Mume nilitaka nimwache hapa mpaka Jumapili, lakini atanililia." Hata Agata, ndugu zangu, nilimwona midomo yake ikicheka kidogo. Akaendesha kama amebeba mayai. Tulipokwama, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia kwenye tope.

Tulifika hospitali ya misheni. Masista wakamchukua Agata, mlango ukafungwa. Tulikaa nje, Kornel na mimi na yule dereva, Mwislamu mwenzake Bwana Sefu, kila mmoja anaomba anavyojua. Kwa mara ya kwanza tangu ligi ianze sikuwa na wasiwasi wa mpira. Nilikuwa na ombi moja tu, limenyooka. Na mlango ulipofunguliwa tulisikia kwanza sauti nyembamba, ya hasira, kama ya mtu aliyeamshwa vibaya. Mtoto wa kike! Na mama yake yu hai! Bwana asifiwe!

Bwana Sefu nilikwenda kumwambia kuhusu baiskeli yake, nikiwa na hofu kuliko ya nyati. Akasema, "Baiskeli ni chuma, Thadei. Maji yakikauka tutaitafuta." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mguu upi?"

Hilo ndilo swali la mji mzima sasa. Tangu Alhamisi kibanda changu kimejaa watu, na hakuna aliyeleta kiatu. Sista aliyemfunga Kornel amesema apumzike. Wengine wanasema "apumzike" si "asicheze". Wengine wanasema acheze kipindi kimoja. Wengine wanasema apige kwa kushoto. Yeye mwenyewe anakaa kitandani kwa mke wake, anamshika mtoto kama mtu anayeshika kitu cha moto.

Mnaniuliza mimi, kwa sababu nimesimama hapa na ushuhuda. Mnafikiri aliyetolewa kwenye matete anajua njia zote. Sijui, ndugu zangu! Sijui kama Mungu alinipeleka kule kwa sababu ya mpira, au licha ya mpira. Sijui kama niache kushabikia. Jumamosi nitakuwa uwanjani, hilo najua, maana mpira wenyewe haujakamilika kushonwa. Tukipata goli nitaruka. Yule dereva wa Mamba akishangilia upande wa pili, sijui nitamtazama kwa jicho gani. Naogopa kufungwa leo hii, hapa, mbele ya altare. Mungu hajaniondolea hofu hiyo. Lakini nimejua inakaa wapi, nimejua ukubwa wake, na nimejua kuna mkono ulio mkubwa kuliko hiyo.

Na wewe uliyeketi hapo, uliyepotea mahali ambapo kaskazini haionekani, usingoje upate maneno mazuri ya kuomba. Mimi sikuwa nayo. Mwambie hujui. Simama kwenye maji yako, mwambie hujui, kisha sikiliza.

Asanteni kwa maombi yenu. Asante kwa mama yule aliyeuacha mpunga wake, na vijana watakaoweza kwenda kumsaidia kuvuna kilichobaki waje waonane na mimi. Sasa hivi Mama Sesilia ameshapika uji, na tukitoka hapa tunampelekea Agata hospitali. Nitamjulia hali, nitamshika mtoto, nitamsalimu Kornel.

Niombeeni, ndugu zangu. Niombeeni niingie mle ndani na nitoke, bila kuuliza habari za mguu.