Dada wa Kiti cha Kati

Wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake wa karakana, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, ukoo umenituma nisome maisha yake, na nimekubali shingo upande, kwa sababu karatasi niliyopewa asubuhi hii imeandikwa na shemeji yangu, mume wa marehemu, yule pale mstari wa mbele mwenye shati jeupe, na nusu nzima ya karatasi hii ni habari za gari. Nitaisoma kama ilivyo, msije mkasema nimeficha kitu, ila panapohitaji kunyooshwa nitapanyoosha, na atakayekereka anisubiri tukitoka makaburini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa mchana kweupe bila kumsumbua mkunga, akalia kidogo, basi tu, kama mtu anayeitikia hodi, kisha akanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikokuja kumponza. Alianza shule ya msingi Januari 1975, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1982, na mwaka 1986 akajiunga na chuo cha ufundi, ambako alisomea ushonaji, kwanza nguo, baadaye maturubai na viti, akahitimu tarehe 12 Desemba 1987, na cheti chake mama alikitundika sebuleni juu ya redio mpaka jua likakifuta maandishi.

Tarehe 1 Machi 1988 aliajiriwa katika karakana ya kushona viti vya magari, ile iliyo kati ya kituo cha mafuta na duka la matairi, akafanya kazi humo hadi maradhi yalipomtoa, na wenzake walimpa jina la Futikamba, kwa sababu kipimo chake hakikutoka shingoni, alikwenda nacho sokoni, alikuja nacho kwenye harusi yangu, na siku moja alilala nacho. Ninyi wenzake mliokaa pale kushoto mnajua kwamba alikuwa mtu wa maneno machache lakini akicheka anacheka na mabega, na mnajua pia kwamba mteja mkorofi alikabidhiwa yeye, kwa kuwa hakuna aliyeweza kugombana naye hata akitaka.

Huko karakana ndiko alikokutana na shemeji, wakati huo kijana nadhifu wa mauzo kwenye duka la magari mapya, tukamwita Bwana Vipimo, maana ukimsalimu anakujibu kwa ukubwa wa injini, na sisi nyumbani tulimpenda, sitaki kusema uongo mbele ya jeneza, alikuwa hanywi, hapigi, halali nje, na alipokuja kuchumbia alimweleza baba yetu buti la gari lina lita ngapi, baba akadhani anazungumzia mapipa ya maji. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Agosti 1993, mtoto wao wa kwanza, kijana, akazaliwa tarehe 2 Mei 1994, na wa pili, binti, tarehe 19 Novemba 1996, na hapa nasoma neno kwa neno, "ndoa yetu ilibarikiwa watoto wawili, na mwaka 1997 tukabarikiwa gari la kizazi cha kwanza." Haya.

Kizazi cha kwanza, yaani toleo la kwanza la aina hiyo, inasema karatasi, lilikuwa gari dogo la kisasa lenye kimo cha gari la porini, injini ya lita mbili, gia za mkono, sentimita ishirini na nusu kutoka ardhini, magurudumu yote manne yakivuta. Ni kweli tupu. Ambalo karatasi haisemi ni kwamba magurudumu ya nyuma yakivuta lazima chuma cha kuyazungusha kipite chini ya gari, na kikipita sakafu ya nyuma inapanda katikati kama tuta la barabarani, na anayekaa pale magoti yanamgusa kidevu, na mkanda wa kiti hicho ulikuwa wa kiunoni tu, wale wa madirishani walikuwa na wa bega. Hapo ndipo alipokaa dada yangu. Mbele alikaa mama mkwe wake, na kwa hilo sina neno, mzee ni mzee, dirisha la kulia alikaa kijana kwa sababu alikuwa akitapika, dirisha la kushoto alikaa binti kwa sababu alikuwa akimfinya kaka yake, na katikati, juu ya tuta, alikaa ukuta wao.

Mwaka 2003 kikaja kizazi cha pili, lita mbili na nukta nne, gia zinazojibadilisha zenyewe, urefu umeongezeka, buti limepanuka, na tuta, nashukuru kuwaarifu, lilishuka. Mama mkwe miguu ilikuwa imemkatalia safari, kwa hiyo kiti cha mbele kilikuwa wazi, na dada alisema kwa sauti yake ile ya kunong'ona kwamba safari hii labda na yeye ataona dashibodi, lakini kaka yake shemeji, mkubwa, akakichukua, eti yeye ndiye anayejua njia, na jamani, nilipanda nao siku moja, mtu huyo alimwelekeza ndugu yake kushoto, kulia, kushoto, mpaka tukafika nyumbani kwa shemeji mwenyewe. Dada alikuwa nyuma katikati, ameshika keki mapajani.

Nisimamishe karatasi kidogo niseme jambo ambalo halimo. Kila gari jipya lilipoingia uani, aliyelishonea viti ni marehemu, vitambaa vya kijivu kizazi cha kwanza, vya kahawia cha pili, na ili kipimo cha kiti cha mbele kikae sawa ilibidi akalie mwenyewe, gari limezimwa, mlango wazi, futikamba mkononi, na binti yake ananiambia kwamba alikuwa akikaa pale zaidi ya kipimo kinavyohitaji, ameweka mikono mapajani, anaangalia ukuta wa jirani kupitia kioo kikubwa. Hizo ndizo mara pekee alizokaa mbele, katika gari lisilokwenda.

Kizazi cha tatu kilinunuliwa Aprili 2009, na hapa shemeji kaandika kwa herufi kubwa, VITI SABA, safu tatu, kamera ya kurudia nyuma, mifuko ya hewa sita, "starehe kwa familia nzima." Mimi nimeikalia hiyo safu ya tatu. Ni ya watoto wadogo, mtu mzima akikaa huko anajikunja kama shuka la kabatini, na kutoka hawezi mpaka mtu wa safu ya pili ashuke amkunjie kiti. Kaka mtu alibaki mbele na njia zake, watoto walikuwa wamerefuka, mmoja huku mmoja kule, katikati yao pakawekwa mizigo isiyotakiwa kupondeka, na mke mwenye nyumba akaenda safu ya tatu. Nilimuuliza kwa nini hasemi, akacheka na mabega, akaniambia, mdogo wangu, angalau huku hakuna tuta.

Sasa nisikilizeni hapa, tafadhali, kwa sababu hapa ndipo donge langu lilipo. Kizazi cha nne kilikuja Septemba 2016, kimerudi viti vitano, injini ndogo yenye nguvu zaidi, kuwasha kwa kubonyeza, sakafu ya nyuma bapa kabisa. Kaka mtu alikuwa amehamia mbali, kijana ameoa, binti amepata kazi ya kuendesha lori la magodoro, mama mkwe alikuwa ameshatangulia, gari zima halikuwa na mtu ila wao wawili. Siku ya kwanza nilikuwepo uani, nikamwona dada amevaa gauni la bluu, amejipaka manukato, anazunguka gari kwenda mlango wa mbele, anaufungua, na juu ya kiti kuna mkoba wa kazi wa shemeji, ule wa ngozi nyeusi, umejaa vitabu vya picha za magari, na shemeji akamwambia, kwa upole kabisa, hakufoka, aa, hapo pana mkoba, kaa nyuma kuna nafasi tele. Dada akamwambia, na hii ndiyo mara pekee niliyomsikia akidai kitu, baba watoto, mimi nilitaka kukaa mbele. Shemeji akacheka, akajibu, kiti ni kiti mama, vyote vinafika pamoja.

Akaenda nyuma, akakaa katikati, kwa mazoea, ingawa madirisha yote mawili yalikuwa wazi yanamsubiri. Gari likawashwa likaanza kulia ti-ti-ti, kwa kuwa kizazi cha nne kiti chake cha mbele kina kidude kinachohisi uzito, kikidhani kuna mtu asiyefunga mkanda kinapiga kelele, na mkoba ule ulikuwa mzito, basi shemeji akauvuta mkanda, akaufunga mkoba. Kelele zikakoma. Tangu siku hiyo, miaka karibu minane, mkoba ulisafiri mbele umefungwa mkanda, na dada yangu alisafiri nyuma, na majirani mliona, na mimi niliona, sote tukalifanya jambo la kuchekesha.

Maradhi yalianza Machi 2022, kwa miguu kuvimba na pumzi kumpungukia akipanda ngazi, akapimwa, ikaonekana ni moyo, akaandikiwa dawa za kila siku na kushauriwa asichoke, akaendelea kushona kwa nusu siku hadi Novemba mwaka uliofuata, kisha akakaa nyumbani, akiwashonea wajukuu mito. Jumatano tarehe 12 Juni 2024, saa nne asubuhi, alibanwa na kifua, shemeji akamtoa ndani amemshika mkono, akamfungulia mlango wa nyuma, na tafadhali msidhani alifanya kwa ubaya, mwenyewe aliniambia pale ukumbini hospitalini, machozi yakimchuruzika, kwamba mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mlango wa nyuma.

Njiani alimsemesha. Alimwambia kwamba foleni si ndefu, kwamba daktari yupo, kwamba wakitoka watapitia kwa binti, na alisikia kama anaitikiwa, na hakugeuka kwa sababu macho yalikuwa barabarani, na gari halikumwambia lolote, kwa sababu kiti cha kati cha nyuma, katika vizazi vyote vinne, hakijawekewa kitu cha kuhisi kama kuna mtu. Walipofika, mhudumu wa hospitali alikuja mbio na kiti cha magurudumu, akaenda mlango wa mbele, maana huko ndiko watu hukalisha mgonjwa wao, akaufungua, akakuta mkoba umefungwa mkanda. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Daktari aliandika kwamba dada alikata roho njiani. Shemeji, ulisema vyote vinafika pamoja, siku ile wewe ulifika, mkoba ukafika, dada yangu hakufika.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, sisi ndugu zake wanne, na viti vya magari mengi mno ya mji huu ambavyo watu wanavikalia bila kujua nani alivishona. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu kwa miaka miwili, yule mhudumu wa kiti cha magurudumu, aliyemfunika kwa koti lake mwenyewe, majirani mliopika na kufagia tangu juzi bila kuombwa, na karakana, ambayo imefunga kazi leo, na ambako kitambaa cha ndani ya jeneza hili, cha bluu, kimeshonwa na wenzake kwa kupokezana.

Karatasi ya shemeji inaishia hapa, imebaki ya kwangu, nayo ni fupi, nimeongea na binti, nimeongea na kijana, nao wameafiki. Jeneza litatangulia. Gari la kizazi cha nne litafuata nyuma yake, na ataliendesha binti wa marehemu, ambaye ana leseni ya malori na hajawahi kuruhusiwa kuligusa gari la baba yake hata kulisogeza kivulini. Kwenye kiti cha mbele itakaa picha ya mama yake, hii hapa, na tutaifunga mkanda. Mkoba nimeshautoa mwenyewe, uko chini ya meza ya vitabu vya rambirambi, hautapotea.

Shemeji yangu, mimi sikuchukii, umelia siku nne na nimekuona, lakini simama, mpe mtoto ufunguo mbele ya watu hawa, kisha upande nyuma, katikati. Usiogope magoti, kizazi cha nne hakina tuta.

Na wewe, dada, Futikamba wetu, barabara yote iko mbele yako leo, hakuna kichwa cha mtu kinachokuziba, itazame taratibu mpaka tufike, pumzika kwa amani.